Mwongozo kamili: jinsi ya kusikiliza albamu nzima ya rock ndani ya nyumba ya Lamu

Mwaka huu watu saba wamenijia barazani na lalamiko lile lile: wamejaribu kusikiliza rock, wakashindwa kabla ya wimbo wa tatu. Mmoja alisema ni kelele tupu. Mwingine alisema waimbaji wanalia kama watu wanaoumwa na jino. Nikawauliza wote swali moja: ulisikilizia wapi, na kwa chombo gani? Karibu wote walinijibu kwamba ni kwa simu, spika yake yenyewe, juu darini palipo wazi, upepo wa kusi ukivuma.

Basi hawakukosea. Spika ya simu haiwezi kutoa besi, yaani zile sauti nene za chini. Ukiiondoa besi, kinachobaki ni mikwaruzo ya gitaa na matoazi, na hivyo viwili peke yake ni kelele kweli. Mtu anakuwa ameisikia nusu ya muziki, tena ile nusu kali, kisha anatoa hukumu ya muziki mzima.

Mwongozo huu ni wa kuandaa usiku mmoja, albamu moja, watu wachache, ndani ya nyumba zetu hizi za mawe. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya tatu na ya nne, hizo nyingine hazitakufaa.

## Mahitaji

- Spika moja yenye koni (lile duara linalotetema mbele) ya inchi 4 au zaidi. Ukipata mbili zinazounganishwa pamoja, ni bora zaidi.
- Simu yenye albamu iliyokwisha kupakuliwa.
- Waya wa pini ya milimita 3.5, kama spika na simu yako zina matundu yake. Bluetooth inatosha, lakini waya haukatiki.
- Mikeka miwili mikubwa, magodoro mawili, leso (kanga) nne au blanketi mbili, na kamba.
- Kigoda au meza ndogo ya kuinulia spika.
- Hedifoni zozote zinazofunika sikio, kwa ajili ya hatua ya saba.
- Birika la kahawa, vikombe na kashata.
- Saa moja nzima ambayo hakuna mtu atakayekuita dukani wala gatini.

## Hatua ya 1: Chagua albamu fupi, ambayo besi yake inasikika

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanza na ile maarufu zaidi. Mtu amesikia jina la bendi ya Nirvana, anakwenda moja kwa moja kwenye Nevermind ya mwaka 1991. Ni albamu ninayoipenda kwa moyo wote, lakini si mlango wa kuingilia. Imejengwa kwa kupanda na kushuka: beti zinanong'ona, kiitikio kinalipuka. Sikio lisilozoea linashtuka, na mtu akishtuka mara tatu anazima.

Anza na Is This It ya The Strokes, vijana watano wa New York. Ilitoka 2001, mwaka ule ule Mji wa Kale wa Lamu ulipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ina nyimbo 11 na haifiki dakika 40. Vyombo vyake unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja: magitaa mawili, gitaa la besi, ngoma na sauti ya mtu mmoja. Hakuna kinanda wala kwaya ya kuficha kitu. Kila mmoja ana pahali pake, na ukitaka kumfuata mmoja peke yake unaweza. Mdundo nao umenyooka, mguu unaukamata wenyewe.

Onyo. Sauti ya mwimbaji, Julian Casablancas, imekwaruzwa makusudi. Inasikika kama mtu anayezungumza kwenye simu ya zamani ya waya. Nimemwona kijana wa mtaa wa Langoni amekaa na bisibisi mkononi, spika yake mpya imefunguliwa vipande vipande juu ya mkeka, kwa kudhani imeungua. Spika ilikuwa nzima. Kabla hujafungua chochote, cheza kasida au taarab unayoijua. Sauti ikitoka safi, ujue mkwaruzo uko ndani ya albamu.

Jambo jingine dogo: albamu hii ina matoleo mawili. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, toleo la Marekani liliondolewa wimbo wa tisa na kuwekwa mwingine. Ukiona orodha yako na ya mwenzako hazifanani hapo, msibishane.

Kama masikio ya wageni wako yamelelewa na udi na hawataki kusikia habari za New York, kuna mlango wa pili: Afrique Victime ya Mdou Moctar, ya 2021. Huyu ni Mtuareg wa Niger, anayepiga kwa mkono wa kushoto, na gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nyuzi zikiwa waya za breki za baiskeli. Anaimba Kitamasheki. Ni rock kamili, na tena gitaa linazunguka sauti ya mwimbaji kwa namna ambayo mzee yeyote wa hapa ataitambua bila kuelezwa. Mimi ningeanza na The Strokes kwa vijana, na Mdou Moctar kwa wazee.

Soma maneno ya nyimbo kabla ya siku yenyewe, hasa kama wazazi au watoto watakuwapo. Kuzima wimbo katikati mbele ya watu ni aibu, na kunaharibu usiku mzima.

## Hatua ya 2: Pakua yote, kisha inyamazishe simu

Usitegemee intaneti usiku huo. Pakua albamu mchana, kwa ubora wa juu, yaani kilobiti 320 kwa sekunde. Hiyo inakula kama megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 36 itachukua takriban megabaiti 90 za bando lako. Ubora wa chini unaokoa bando, lakini matoazi yanakuwa kama maji yanayochuruzika, na hilo ndilo linalochosha masikio.

Baada ya hapo weka simu kwenye hali ya ndegeni na urudishe Bluetooth peke yake. Zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Nyimbo za albamu zimepangwa na watu waliokaa wakafikiri ipi ifuate ipi, na ukizichanganya umewavunjia kazi yao. Zima pia ikwalaiza, kile kirekebisho cha sauti, na chochote kinachoahidi kuongeza besi. Mwisho, chaji spika hadi ijae, kwa sababu umeme wetu mnaujua.

Utajua umefaulu ukicheza sekunde kumi za mwisho za wimbo wa kwanza, nao wa pili ukaingia wenyewe bila simu kulia, bila tangazo.

## Hatua ya 3: Kitulize chumba

Hapa ndipo Lamu inapotofautiana na kwingine, na miongozo yote niliyopata kusoma haisemi neno.

Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba. Upana wake mara nyingi haufiki mita tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali zaidi ya hapo. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa, ngumu na zilizosawazishwa. Sauti ikitoka kwenye spika inagonga ukuta huu, inarudi, inagonga ule, inarudi tena. Kwa msoma kasida mmoja ni uzuri mtupu. Kwa ngoma, besi na magitaa mawili ni msukosuko, kila pigo linakanyaga mgongo wa lenzie.

Jipime hivi. Simama katikati ya ukumbi mtupu, piga kofi moja kali, nyamaza. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza katika ukumbi wa shangazi yangu, mtaa wa Mkomani, nilisikia kama ndege mdogo anayepapatika juu kwenye boriti: trrrrr, kisha kimya. Mlio huo ndio adui.

Sasa tandika mikeka, yote miwili. Simamisha godoro moja kwenye ukuta wa ubavuni, mkabala na pahali spika itakapokaa, na jingine nyuma ya wasikilizaji. Funga kamba kutoka dirisha hadi mlango, utundike leso mbili mbili zikiwa na mikunjo. Leso iliyonyooshwa haisaidii sana, mikunjo ndiyo inayoinasa sauti. Piga kofi tena. Endelea kuongeza nguo mpaka ule mlio wa ndege uondoke na ubaki mlio mfupi mkavu.

Onyo. Usipigilie msumari kwenye chokaa ya zamani. Ikibanduka hairudi, na mafundi wanaoijua kazi hiyo wamebaki wachache.

Kama chumba chako kina zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, una bahati. Usizijaze. Zinaitawanya sauti badala ya kuirudisha kwa mkupuo mmoja. Chumba chenye ukuta wa zidaka huwa na sauti tamu kuliko chenye ukuta mtupu, na waliozijenga sidhani kama walimfikiria mpiga besi hata mmoja.

Na kwa nini si juu darini, penye hewa? Kwa sababu hakuna kuta za kuishikilia besi, upepo unaichukua sauti nyembamba, na mtaa mzima unalazimika kusikiliza nawe. Darini patafaa siku mkishaijua albamu.

## Hatua ya 4: Weka spika na upime sauti

Weka spika juu ya kigoda, koni ikiwa sawa na masikio ya mtu aliyekaa chini. Ikiwa sakafuni, mnasikia magoti ya muziki. Isiguse ukuta, na kwa vyovyote isikae pembeni mwa chumba, maana pembe inaikuza besi mpaka inavuma kama injini ya boti. Itoe ukutani angalau hatua moja ya mtu mzima. Wasikilizaji wakae upande wa urefu wa chumba, mita mbili hadi tatu kutoka kwenye spika. Ukiwa na spika mbili, fanya pembetatu: nafasi kati yao iwe sawa na nafasi kutoka kila moja hadi kwa msikilizaji wa katikati.

Kiwango cha sauti kipime kwa ile sehemu kali ya albamu, usikipime kwa sehemu ya upole. Tafuta kiitikio chenye nguvu, kicheze, kisha zungumza na mtu aliye umbali wa mkono mmoja. Ikibidi mpaze sauti ili msikilizane, punguza. Ikiwa mnaweza kunong'onezana, ongeza kidogo.

Kisha toka nje, usimame kichochoroni. Ukuta wa matumbawe unazuia mengi, lakini dirisha lililo wazi halizuii kitu. Ukiyasikia maneno ya wimbo ukiwa mlangoni kwa jirani, funga dirisha au punguza.

Utajua umefaulu ukiweka kiganja juu ya mkeka, karibu na kigoda, ukahisi besi inagonga pigo moja moja. Ukihisi mtetemo mmoja usiokatika, rudisha spika mbali zaidi na ukuta.

## Hatua ya 5: Siku, saa na watu

Watu wanne hadi sita, si zaidi. Wa saba huleta mazungumzo.

Subiri watu warudi kutoka Isha, kahawa inywewe, habari za mjini ziishe, mwanze kama saa mbili na nusu usiku. Saa tatu na robo mmemaliza na kila mtu anaweza kwenda kwao kwa heshima. Epuka usiku wa kuamkia Ijumaa, wenye maulidi na nyiradi zake. Epuka Ramadhani. Na mtaani kukiwa na msiba, ahirisha wiki nzima, hata kama marehemu humjui.

Siku moja kabla, mpigie hodi jirani wa ukuta kwa ukuta na umwambie: bibi, kesho usiku tutakuwa na muziki kwa muda wa saa moja, ukikusumbua gonga ukuta nitapunguza. Tangu nianze kufanya hivyo sijagongewa ukuta hata mara moja. Kabla ya hapo niligongewa kila mara.

Waeleze wageni sharti moja tu: kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho hakuna anayezungumza wala kushika simu. Atakayetaka kutoka, atoke kimya.

## Hatua ya 6: Sikiliza chombo kimoja kimoja

Hii ndiyo hatua yenyewe. Sikio likipewa kila kitu kwa pamoja linazidiwa, kwa hiyo lipe kazi moja kwa kila wimbo. Waambie wageni kazi hizi kabla hujabonyeza.

Wimbo wa 1: fuata besi peke yake. Ni ile sauti nene iliyo chini ya zote. Usiyaandame maneno, hata kama Kiingereza unakijua vizuri. Nikolai Fraiture wa The Strokes hapigi besi ya kukaa pahali pamoja. Besi yake inatembea, inapanda, inashuka, inarudi nyumbani. Ukishindwa kuipata, weka kiganja mkekani, mkono utakuonyesha. Ukiipata, ivumishe puani. Atakayeweza kuivumisha baada ya wimbo kwisha amekwisha kuingia ndani ya rock, na hatatoka tena akiiita kelele.

Wimbo wa 2: fuata ngoma. Sikiliza pigo kavu linaloanguka kwenye hesabu ya pili na ya nne: moja, MBILI, tatu, NNE. Ukikaza macho kwenye hilo pigo moja, vingine vyote vinajipanga kulizunguka. Fabrizio Moretti hana mbwembwe, na mimi nampendea hilo hilo.

Wimbo wa 3 na wa 4: tenganisha magitaa mawili. Nick Valensi na Albert Hammond Jr. hawapigi kitu kimoja. Mmoja anashikilia, mwingine anajibu. Ukiwahi kukaa karibu na ngoma zetu ukasikia vumi inavyoshikilia chini na chapuo inavyochokoza juu, unao tayari ufunguo wa jambo hili. Sikiliza yupi ni vumi na yupi ni chapuo, na uone wanavyobadilishana.

Wimbo wa 5 na wa 6: sasa fuata sauti. Iko mbali kidogo, imechoka, kama ya mtu anayesimulia usiku wake akiwa njiani kurudi nyumbani. Hapa kwetu tumezoea sauti kuwa mbele ya vyombo vyote, vyombo vikiitumikia. Katika rock ya aina hii sauti ni mwenzao tu, imekaa nao mkeka mmoja. Walionijia barazani wengi walikwama hapa: walikuwa wakingoja mwimbaji aje mbele, naye hakuja.

Kuanzia wimbo wa 7: acha kazi zote. Masikio yamekwisha kujifunza njia. Yaache yaende yatakako.

Onyo. Ndani ya wimbo wa 8 muziki unakatika ghafla, kimya kabisa, halafu unarudi. Usirukie simu, Bluetooth haijakatika. Waliutunga hivyo. Ukingoja, ile namna vyombo vyote vinavyorudi kwa pamoja itakufanya utikise kichwa bila kutaka. Nimeisikia mara nyingi mno, na bado kila ikifika hapo nashikilia pumzi.

Utajua umefaulu kwa alama moja isiyodanganya: wimbo wa mwisho ukikatika, watakaa kimya kidogo kabla mtu hajasema neno. Wakianza kusema hapo hapo, mawazo yao yalikwisha kutoka nje zamani. Usikate tamaa, mara nyingi kosa linakuwa kwenye hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Rudia, siku mbili baadaye

Usiku huo usiwaulize wamependa au hawakupenda. Waulize: chombo gani ulikipata, na wapi kilikupotea? Jibu la kwanza linakwisha kwa neno moja, la pili mtalizungumza mpaka birika liishe. Rudieni wimbo mmoja tu, ule uliobishaniwa.

Baada ya siku mbili kila mtu aisikilize albamu peke yake, kwa hedifoni. Spika moja inayakusanya magitaa yote kwenye tundu moja; hedifoni mara nyingi zitakuwekea moja kushoto na jingine kulia. Utasikia mambo ambayo ungeapa hayakuwapo usiku ule. Usisikilize ukiwa na kazi nyingine mkononi. Kaa kwenye baraza, tazama watu na punda wanavyopita, na uiache iishe.

## Hatua ya 8: Albamu ya pili na ya tatu

Ya pili iwe Funeral ya Arcade Fire, kutoka Montreal, Kanada, ya mwaka 2004. Waliipa jina hilo la mazishi kwa sababu walifiwa na jamaa kadhaa walipokuwa wakiitengeneza. Ina fidla, ina kodiani, ina watu wengi wanaoimba pamoja kwa sauti ya juu. Sikio la taarab linaingia humo kama mtu anayeingia kwa ami yake. Ni ndefu zaidi, inakaribia dakika 48, kwa hiyo kahawa inywewe kabla. Mpango wa hatua ya 6 ni ule ule, isipokuwa wimbo wa 1 fuateni nyuzi badala ya besi.

Ya tatu ndiyo Nevermind, na sasa hamtashtuka. Mtakuwa mnajua kwamba kimya cha beti ndicho kinachokipa kiitikio nguvu, na mtakingojea kile kishindo badala ya kukiogopa. Pimeni sauti kwa kiitikio, kama nilivyosema, hata kama beti zitaonekana za chini mno.

Onyo la mwisho, na hili lilinikuta. Matoleo mengi ya albamu hii yana wimbo uliofichwa. Wimbo wa mwisho unaisha taratibu, kisha kinafuata kimya cha kama dakika kumi, kisha inaingia dhoruba ya magitaa, kali kuliko yote yaliyotangulia. Sisi tulidhani imekwisha. Tulifungua madirisha tupate hewa, tukamimina kahawa, mtu akaanza kuhadithia safari yake ya Faza, spika ikiwa wazi kwa sauti ile ile. Nusu ya mtaa iliamka. Kwa hiyo wimbo wa 12 ukiisha, zima spika kwanza, ndipo mfungue madirisha.